Carmen wa Kweli ni Yupi?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat na mume wangu. Mpwa wangu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza kwenye Jumba la Opera la Kifalme hapa mjini, na tangu siku hiyo nimenasa. Siku hizi naangalia mtandaoni, na niipendayo kuliko zote ni Carmen. Lakini nachanganyikiwa. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa na farasi, marinda na mapepeo ya Kihispania. Ya pili, jukwaa zima ni ngazi tupu, na Carmen anatoka ndani ya vazi la gorila! Ya tatu wamempandisha kwenye lori, kavaa kaptula ya jinzi. Mume wangu anasema hawa wa siku hizi wanaharibu kazi za watu. Je, Carmen wa kweli ni yupi? Hadithi yenyewe niisome, au itaniondolea utamu? Na huyu bwana wa kifimbo anayesimama mbele ya okestra anafanya nini hasa, mbona jina lake linaandikwa kubwa namna ile?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Mfikishie shemeji salamu zangu na umwambie ana haki, ila nusu tu. Yapo maonyesho mapya ambayo kweli yanaharibu, na hapo chini nitakutajia mtihani ninaoutumia kuyachuja. Lakini mkikaa kumtafuta Carmen mmoja wa kweli ili wengine wote muwatupe, mtatafuta mpaka mchoke. Bizet mwenyewe, mtunzi wake, hakutuachia mmoja.

Georges Bizet aliitoa Carmen mjini Paris tarehe 3 Machi 1875, katika ukumbi wa Opéra-Comique. Ule ulikuwa ukumbi wa familia za heshima. Wazazi walikwenda na mabinti zao huko wakakutanishwe na wachumba. Mmoja wa wakurugenzi wawili, Adolphe de Leuven, alishtushwa na habari kwamba mwanamke atachomwa kisu mbele ya watu wa namna ile, akajiuzulu kabla opera haijatoka. Wanakwaya wa kike nao wakanung'unika. Walizoea kusimama mstari na kuimba, leo wanaambiwa wavute sigara, wapigane, waingie mmojammoja. Wapigaji wa okestra wakadai kuna mahali hapapigiki. Na Célestine Galli-Marié, Carmen wa kwanza kabisa, aliukataa wimbo wa kuingilia aliotungiwa, ikabidi Bizet auandike tena na tena, mpaka akaichukua lahani ya habanera (mtindo wa ngoma wa Kikuba) aliyodhani ni ya kienyeji. Kumbe ilikuwa kazi ya Mhispania Sebastián Iradier, aliyefariki mwaka 1865. Kwa hiyo ule wimbo ambao dunia nzima inauona ndio sauti ya Carmen uliazimwa, tena uliingia wakati mazoezi yanaendelea.

Bizet alifariki tarehe 3 Juni mwaka uleule, miezi mitatu kamili baada ya usiku wa kwanza, akiwa na miaka 36. Usiku wa kuamkia siku hiyo Carmen ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya 33. Oktoba ikapelekwa Vienna, na kule walitaka opera iimbwe mwanzo mpaka mwisho. Ya Paris ilikuwa na mazungumzo ya kawaida baina ya nyimbo. Rafiki yake Bizet, Ernest Guiraud, akayafupisha mazungumzo hayo na kuyatia muziki, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo Carmen waliyoijua watu duniani. Kisha mwaka 1964 likatoka chapisho la Fritz Oeser, lililorudisha mazungumzo, na kurudisha pia vipande vya muziki ambavyo wengine wanashikilia kuwa Bizet alivikata kwa mkono wake. Ugomvi huo haujesha.

Kwa hiyo unapofungua Carmen yoyote, kabla hujatazama mavazi, sikiliza kwanza: baina ya nyimbo watu wanazungumza au wanaimba? Wakizungumza, upo karibu na Paris ya 1875. Wakiimba kila neno, huyo ni Guiraud. Mimi napenda ya kuzungumza, na sababu yangu ni tukio moja la kitendo cha kwanza. Carmen amekamatwa kwa kumkata mwenziwe kwa kisu kiwandani, afisa anamhoji, naye hajibu neno. Anaimba “tra la la” tu. Wengine wote wanasema, yeye peke yake anaimba, na kuimba kwenyewe ndiyo jeuri. Afisa akiwa naye anaimba, jeuri ile inayeyuka.

Wewe ni mtu wa Unguja, unajua kuwa mpenzi wa taarab haendi ukumbini kusikia habari mpya. Wimbo anao moyoni beti kwa beti. Anakwenda kusikia leo utaimbwaje, nani atausema ule mstari na atamtupia nani jicho. Opera kongwe huendewa hivyohivyo. Anayelalamika kuwa ameona Carmen tatu zisizofanana ndiye aliyeanza kufaidi.

Sasa hadithi. Isome, na isome sasa hivi maana opera umeshaiona. Ni ya Prosper Mérimée, ilitoka mwaka 1845, nayo ni fupi, jioni moja au mbili inakwisha. Tafsiri yake ya Kiingereza hupatikana bure mtandaoni. Utamu haitakuondolea, ila jiandae, kwani Carmen utakayemkuta humo si huyu uliyemzoea. Ana mume, jambazi mwenye jicho moja aitwaye García, na José, yule askari anayempenda Carmen, anamuua huyo kwanza. Micaëla, yule binti mpole anayeleta barua ya mama, hayumo kabisa; alibuniwa na waandishi wa maneno ya opera, Henri Meilhac na Ludovic Halévy, wapate kuzituliza zile familia za ukumbini. Escamillo, yule mpigana na fahali, naye ni kivuli tu cha mpanda farasi mmoja wa uwanja wa fahali aitwaye Lucas.

Kikubwa zaidi ni nani anayesimulia. Msimulizi ni msomi wa Kifaransa anayezunguka Andalusia akitafuta mahali Julius Caesar alipopigana vita. Njiani anakutana na jambazi, anampa sigara, wanakuwa marafiki wa safari. Baadaye, mjini Córdoba, jioni kando ya mto, anakutana na msichana mzuri, na saa yake ya mfukoni inapotea. Mwishowe anamkuta yule jambazi gerezani akingoja kunyongwa, naye ndiye José, na ndipo tunapoambiwa yote. Yaani Carmen tunamsikia kwa kinywa cha mwanamume aliyemuua, kupitia kalamu ya mwanamume aliyeibiwa saa. Yeye mwenyewe hapewi hata ukurasa. Bizet ndiye aliyempa sauti, na ukishaisoma hadithi utajua amempa kitu kikubwa kiasi gani.

Kuna mahali humo pataigusa roho yako, wewe uliye mbali na kwenu. José ni Mbaski wa Navarre, yuko Seville ugenini. Anapompeleka Carmen gerezani, Carmen anaisikia lafudhi yake, anamgeukia na kumsemesha Kibaski. Anamwambia na yeye ni wa huko, aliibwa, ana hamu ya kurudi kwa mama yake. José anakiri kwamba Kibaski cha Carmen kilikuwa kibovu, na kwamba uso wa Carmen wote ulisema ni mtu wa kabila jingine. Hata hivyo alimwamini, akamwacha akimbie. Opera imekipunguza kipande hiki kuwa mazungumzo mafupi, na humo José hamwamini. Kinachomlegeza ni Seguidilla, ule wimbo wa ngoma anaouimba akiwa amefungwa mikono, na José anakubali kamba zilegee. Mérimée anamnasa José kwa lugha ya nyumbani kwao, Bizet anamnasa kwa muziki. Baada ya kusoma, isikilize tena Seguidilla, utaona José anavyojitetea mwanzoni kisha maneno yanamwishia.

Nakuja kwa bwana wa kifimbo. Wengi wanadhani kazi yake ni kuhesabu mapigo. Kuhesabu anahesabu, lakini tazama kitendo cha pili, Carmen anapomchezea José peke yake. Anapiga kastaneti (vibao vidogo vya kugonganisha) mkononi, anaimba bila maneno, chini yake fidla zinadonolewa kwa vidole. Mara kwa mbali tarumbeta za kambi zinaita askari warudi. Sauti ya tarumbeta inaingia juu ya wimbo wa Carmen na zinaoana kabisa, ila zinavuta huku na huku: moja inasema baki, nyingine inasema rudi kazini. Wapiga tarumbeta wako nyuma ya jukwaa, hawamwoni mwimbaji. Mkono wa kiongozi wa okestra wanautazama kwenye skrini ndogo, au wanamfuata msaidizi wake aliye nao huko nyuma. Kiongozi huyo ndiye anayeamua tarumbeta zisikike mbali kama kumbukumbu, au karibu kama amri. Wakizipuliza kwa nguvu mno, José anaonekana mjinga wa kuhangaika. Zikiwa laini, unamwona mtu aliyekuwa amesahau kabisa kuwa yeye ni askari.

Dakika chache mbele ndipo José anapoimba kuhusu ua alilotupiwa na Carmen, akalihifadhi gerezani mpaka likanyauka. Karibu na mwisho sauti inapanda juu sana, na pale juu Bizet ameandika iimbwe kwa sauti ya chini kabisa. Matena (waimbaji wanaume wa sauti ya juu) wengi huipiga kwa nguvu zote wapate makofi. Mtafute Jonas Kaufmann, alipoimba Covent Garden, jumba la opera la London, na Anna Caterina Antonacci, okestra ikiwa chini ya Antonio Pappano. Video ile ilichukuliwa msimu wa 2006 na 2007. Pale juu anaimba kwa sauti nyembamba ya mtu anayeona aibu kujisikia akisema hayo. Mwimbaji hawezi hilo peke yake. Okestra ya watu wengi ikipandisha sauti kidogo tu, sauti ile inazama, kwa hiyo ni Pappano aliyemfungulia njia.

Ukitaka kusikia viongozi wawili wa okestra wanavyoachana, chukua Carlos Kleiber na Leonard Bernstein. Kleiber aliiongoza Vienna mwaka 1978, Elena Obraztsova akiwa Carmen na Plácido Domingo akiwa José, jukwaa likiwa la Franco Zeffirelli. Hao wawili wa mwisho mnawajua hapo Muscat: jumba lenu lilipofunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot, onyesho lilikuwa la Zeffirelli na okestra iliongozwa na Domingo. Sitashangaa ikiwa ile yako ya farasi na marinda ndiyo hii ya Vienna. Kleiber anaianza kwa kasi ya kukata pumzi, mpaka unajiuliza watafikaje. Kisha, baada ya shangwe yote hiyo ya uwanja wa fahali, anasimama ghafla na kuitoa ile lahani nzito ya majaliwa, nyuzi zikitetemeka chini yake, na unajua mtu atakufa kabla pazia halijafunguka. Bernstein alirekodi New York mwaka 1972 na Marilyn Horne. Yeye anakwenda taratibu kupita kiasi, Habanera inajikokota kama joto la mchana. Wapo wanaoichukia. Mimi naipenda sana kwenye karata za kitendo cha tatu, Carmen anapojibiwa kifo kila akitandaza. Taratibu ile inamfanya awe mtu anayesoma barua yake mwenyewe, hana haraka, anataka kuwa na hakika.

Maria Callas, mwimbaji mashuhuri, nitamtaja kidogo tu, kwa kuwa utamkuta kila mahali: Carmen aliirekodi mwaka 1964, jukwaani hakuicheza hata siku moja.

Haya, tuje kwenye gorila na lori.

Mtihani wangu upo kitendo cha nne. Rafiki zake wawili wanamwambia Carmen: usikae hapa, José yumo kwenye umati, nimemwona. Yeye anasema si mwanamke wa kutetemeka, na anabaki nje peke yake kumngojea. Kwa nini? Uwanjani wanashangilia, mlango uko wazi, Escamillo yumo ndani. (Na fahali wa huko huuawa, si kama mchezo wa ng'ombe wa Pemba.) Kila mwongozaji anapaswa kulijibu swali hilo. Akinijibu, na anivalishe Carmen chochote apendacho. Asiponijibu, hata angeleta Seville nzima na farasi wake, ameniuzia picha ya kalenda.

Barrie Kosky, mwenye ngazi na gorila, alianza na onyesho lake Frankfurt mwaka 2016, kisha likaja London mwaka 2018. Ameondoa mazungumzo yote na recitative (yale mazungumzo yaliyotiwa muziki) za Guiraud, badala yake kuna sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inayosimulia, na sehemu ya maneno yake yametoka kwa Mérimée. Ukishasoma hadithi utayatambua. Gorila si kituko cha bure pia. Carmen kwake ni mchezaji wa jukwaani, kila anapotokea ana sura nyingine, na watu wanaomtazama ndio wanaomfanya mnyama. Mwisho, baada ya kuchomwa kisu, anainuka, anatutazama, anapandisha mabega, kama kusema kesho tutacheza tena. Jibu la Kosky, basi, ni kwamba anangoja kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Sikubaliani naye, lakini amejibu.

Lile la lori ni la Carrie Cracknell, lililofunguliwa katika jumba la opera la Metropolitan, New York, tarehe 31 Desemba 2023, Aigul Akhmetshina akiimba Carmen. Kiwanda cha sigara kimekuwa kiwanda cha silaha cha Marekani ya leo, uwanja wa fahali umekuwa rodeo. Lori lenyewe halinisumbui. Hawa ni wasafirishaji wa magendo, ulitaka wasafirishe kwa chombo gani? Na Akhmetshina ana sauti ya kumsikiliza hata ukifumba macho. Kinachonikwaza ni kwamba Carmen anakaribia kugeuzwa mfano wa wanawake wote wanaopigwa. Wapo, na ni jambo la kusemwa. Ila ukimpunguza hivyo, anapoimba kuwa amezaliwa huru na atakufa huru, maneno yanabaki hayana pa kukaa.

Waliopotea kabisa ni wale wa Florence, Januari 2018. Mwongozaji Leo Muscato aligeuza mwisho: Carmen anamnyang'anya José bastola na kumuua yeye. Nia ilikuwa njema, watu wasipigie makofi mauaji ya mwanamke. Usiku wa kwanza bastola ikagoma kulia. Lakini hata ingelia, muziki haukukubali, kwa sababu ule wimbo wa ushindi wa Escamillo unaotoka uwanjani umeandikwa uangukie juu ya maiti ya Carmen na si ya mwingine.

Kuna moja hukuitaja, nayo ndiyo ningependa uione kuliko zote. Inaitwa U-Carmen eKhayelitsha, filamu ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Mark Dornford-May, iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la Berlin mwaka 2005. Muziki ni uleule wa Bizet, lugha ni Kixhosa, mahali ni Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town. Pauline Malefane anaimba Carmen wa kiwanda cha sigara. José ni polisi anayetembea na Biblia. Escamillo ni mwimbaji aliyepata jina akarudi nyumbani, na fahali ni wa kuchinjwa kwa ajili ya wazee waliotangulia. Hakuna aliyelazimishwa kuingia humo. Vichochoro, redio, kwaya za wanawake, wote wanakaa ndani ya nota za Bizet bila kubanwa. Na pale mwisho unaelewa kwa nini Carmen hakimbii. Mtaani kwake kila mtu anamjua. Akikimbia leo, kesho atapita wapi? Wasenegali nao wanayo yao, Karmen Geï ya Joseph Gaï Ramaka ya 2001, ila hiyo haitumii muziki wa Bizet, kwa hiyo iache kwanza.

Nikupe mpango. Usiangalie opera nzima tena kwa sasa. Chukua pambano la mwisho tu, tangu anapotokea José mpaka kisu, halizidi dakika kumi na kitu. Liangalie kwa Kleiber, kwa Pappano, kwa Kosky, kwa Khayelitsha. Kila mara tazama pete. Carmen anaivua na kumtupia José, na hata kwa Mérimée ipo, inatupwa kichakani. Wengine huirusha kwa hasira, wengine huidondosha tu kama takataka, na hapo utajua kama amewahi kumpenda.

Kwa shemeji nina dawa yake. Septemba 2023 ukumbi wa Rouen, Ufaransa, uliirudisha Carmen kwa sura ya jukwaani iliyokuwa nayo mwaka 1875, kwa kufuata michoro na maelezo ya wakati ule, mavazi yakitengenezwa na Christian Lacroix. Imerekodiwa kwa video. Mwekee hiyo, afurahi kuwa amepata ya asili. Akimaliza kusifu, mkumbushe kuwa hiyo ndiyo iliyowaudhi watu wa Paris, kisha mfungulie ya Khayelitsha.